Meza Mbili, Kitambaa Kimoja

Shamba la Renno,
Locust Hollow,
Pennsylvania.

6 Desemba

Mpendwa Mama Mdogo Malinda,

Basi ile "baadaye" niliyokuambia pale mlangoni siku ya harusi yangu, ulipotaka kunieleza jambo nami nikasema tutaongea baadaye, ndiyo hii. Imechelewa, najua. Basi lako lilikuwa limeshavuka mpaka wa Ohio na mimi bado naimbiwa.

Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba barua isiyoanza kwa salamu ni kama mtu anayeingia nyumbani na matope ya zizini. Kwa hiyo nakusalimu kwa upendo wote nilio nao. U hali gani, mama mdogo? Magoti yanasemaje na baridi hii? Je, bado unalala na soksi mbili? Eldon hajambo? Na mkewe, amepona mkono alioungua kwenye jiko? Nijibu yote, usiniandikie tu "sote wazima" kama ulivyozoea.

Sisi huku hatujambo. Theluji ya kwanza imeanguka na haikukaa. Mama anakohoa asubuhi tu, jua likipanda anaacha. Ng'ombe wa baba mkwe wawili wamezaa, na ndama mmoja ana doa jeupe usoni ambalo Enos anasema linafanana na kofia yangu.

Nimeolewa, mama mdogo. Naliandika neno hili polepole ili nilionje. Hukupata nafasi ya kumjua Enos, kwa hiyo acha nikueleze kidogo, uniwie radhi nikizidisha. Masikio yake huwa mekundu hata kabla baridi haijaanza. Anapokamua huwa anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini sana, na ng'ombe wakimzoea hawakubali kukamuliwa na mtu mwingine. Huamka kabla yangu akawasha jiko, kisha anarudi kuniambia sakafu imeshapata moto, "sasa unaweza kuteremsha hiyo miguu yako ya kifalme, Bibi Renno." Nami huwa nimeamka zamani, nimefumba macho tu ili nimsikie akisema hivyo. Usimwambie mtu.

Naandika haya kwa sababu furaha hii ndiyo iliyonifumba macho siku ile. Si udhuru. Nakueleza tu ilivyokuwa, kwa sababu wewe ulikaa upande mmoja wa ile meza na hukuona upande wangu.

Ulipoandika kwamba utakuja harusini, mama aliniuliza utakaa wapi. Nikamwambia niachie mimi. Nilifikiri sana, mama mdogo, na nilijiona nina akili. Wewe umetengwa na usharika, sisi tumebatizwa, kwa hiyo hatuwezi kula nawe meza moja. Lakini waliotengwa wengine wanapokuja huwekewa kimeza kule karibu na jiko, peke yao, kila mtu anawaona. Mimi sikutaka ukae hivyo. Nikachukua kile kimeza cha kufulia, nikakisogeza hadi mwisho wa meza ndefu ya akina mama, nikaacha nafasi ya kiganja tu katikati, kisha nikatandika kitambaa kimoja kirefu juu ya zote mbili. Ukiangalia ungedhani ni meza moja. Sheria imetimizwa, na shangazi zake Enos wasiotufahamu hawatajua lolote. Nilimwonyesha mama. Akasema, "Umefanya vizuri," akageuka kumenya viazi. Nikajisifu moyoni, hata nikamsimulia Enos kama mtu anayesimulia kazi ya mikono.

Nawe ulipokaa, niliona kutoka kule pembeni kwetu maharusi kwamba ulipitisha kiganja juu ya kitambaa, taratibu, hadi mahali kinapobonyea. Hapo ukauondoa mkono ukauweka mapajani. Niliona, mama mdogo. Nikageuka kumtazama Enos.

Halafu yule shangazi mnene wa Enos akaletewa bakuli la seleri, ile mboga yetu ya harusi inayopikwa kwa maziwa, akaliweka pale pale kwenye nafasi. Likazama. Seleri ikamwagika yote kwenye nguo yako ya buluu, na kila mtu akaona mahali meza zilipoachana. Wewe ndiye uliyecheka kwanza. Ukasema, "Basi hii seleri nayo imeshindwa kuamua ikae kwa nani." Watu wakacheka kwa sababu umewaruhusu. Na mimi, mama mdogo, nilicheka. Nimekaa na mume wangu, nimevaa nguo mpya, nikacheka pamoja nao hadi machozi yakanitoka. Kila nikikumbuka kicheko kile nasikia uso unawaka, hata nikiwa peke yangu zizini.

Na kuna lile la pili, ambalo ni baya zaidi.

Ulikuja na kile kifurushi kizito kifuani, ukanyoosha mikono miwili unipe. Najua ulivyosema. Ulisema, "Ni ile mashine ya kukatia tambi, Rhoda. Ile uliyokuwa unaizungusha ukiwa umesimama juu ya stuli." Nami nikaona akina mama wanatutazama, nikakumbuka kwamba mkono wa aliyetengwa haupokelewi kitu, nikarudi nyuma hatua nikasema, "Weka pale mezani, mama mdogo." Kama mtu anayemwambia mchuuzi. Ukaiweka. Ukasema tu, "Haya, nitaiweka. Ni nzito, usije ukajiumiza siku yako." Kisha ukataka kusema jambo, nami nikasema baadaye.

Hadi hapo nilikuwa naona haya kidogo tu, haya ya mtu aliyekosa adabu. Haya yenyewe ilinipata wiki mbili baadaye, kwa Mjomba Yost.

Unajua maharusi hatukai kwetu majira haya. Kila Jumamosi tunafunga farasi kwenye kigari tunakwenda kwa ndugu, tunakula, tunalala, na tunapoaga asubuhi ndipo tunapewa zawadi yetu. Basi Jumamosi ile ilikuwa zamu ya kaka yenu. Tumefika, Mjomba Yost amesimama mlangoni amejaza mlango.

"Karibuni wakusanya vyombo," akasema. "Mmekuja kutusalimia sisi au kusalimia sufuria?"

"Sufuria kwanza, mjomba," Enos akamjibu. "Nyinyi tutawasalimia tukishaona ukubwa wake."

Mjomba alifurahi, akampiga Enos begani karibu amwangushe. Mkewe akasema kutoka jikoni, "Mwache kijana wa watu, Yost. Wewe ulipokuja kwetu uliondoka hata na kinu cha kahawa ambacho hakuna aliyekupa."

"Baba yako alinipa kwa macho," mjomba akasema.

Tulicheka sana. Tukala kuku, tukala viazi, tukafika kwenye pai ya tufaha. Mjomba akaanza kuhesabu kwa vidole nyumba ambazo tumekwenda na ambazo bado. Upande wa Enos ni mrefu kama unavyojua, hao akina Renno hawaishi. Kisha akasema, "Lakini upande wa mama yako, Rhoda, ni mwepesi. Savilla na mimi, basi. Leo umeshamaliza."

Savilla na mimi, basi. Alimhesabu mama, akajihesabu yeye, kwa uso wa kawaida kabisa, mdomo umejaa pai. Mkewe aliendelea kumimina kahawa. Wala hakusema kwa ubaya, mama mdogo, na hilo ndilo lililonitisha. Kwake hesabu ilikuwa sahihi.

Hapo ndipo nilipoelewa kile kifurushi. Hakuna mtu huku anayeleta zawadi siku ya harusi. Kila mtu anangoja tukamtembelee. Wewe ulikibeba kile chuma kwenye basi kutoka Ohio, na magoti yako hayo, kwa sababu ulijua hatutakuja kwako. Ulijua kabla sijajua mimi. Ulituondolea hata kazi ya kukuruka.

Niliiacha pai. Niliomba kutoka nje nikasimama karibu na pampu ya maji hadi Enos akanifuata.

Kesho yake njiani kurudi nilimweleza yote. Enos alimsimamisha farasi kando ya barabara, akafunga hatamu, akanisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Mimi nilidhani amesahau desturi kwa kukaa mbali." Kisha akasema, "Tumekula kwa watu wangapi tangu tuoane, Rhoda? Na wangapi kati yao walikubeba mgongoni?" Nilimpenda pale barabarani kuliko siku ya harusi. Nililia hadi farasi akageuza shingo kutuangalia.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, kwa sababu huenda unajiuliza kwa nini sikuandika siku ile ile niseme nakuja.

Nilikuwa sijabatizwa ulipotengwa, kwa hiyo sikuwa kwenye kikao. Nilisimuliwa tu: kwamba Eldon alinunua lori, na huku kwetu kumiliki gari ni mwiko, akatengwa, ukaambiwa usile naye, ukaendelea kumpakulia mwanao na kuketi naye. Askofu akakusomea maneno ya Paulo kwa Wakorintho, kwamba na mtu wa namna hiyo msile hata chakula. Wewe ukasimama ukasema kwamba Bwana alikula na watoza ushuru, na katika Biblia yako maneno yake yamechapwa kwa wino mwekundu, na hayo ndiyo unayoyasoma kwanza. Nilikuwa bado shuleni wakati ule. Wasichana darasani walinitania, "Rhoda, na nyumbani kwenu chumvi ni nyekundu?" Niliona haya kwa ajili yako. Nilitamani ungenyamaza tu kama watu wengine.

Nami nilibatizwa mwaka jana, nikapiga magoti nikaahidi kulishika agano lote la usharika. Niliahidi kweli, si kwa sababu ya kuolewa tu. Na nimeolewa na mtoto wa shemasi. Ukifanya kosa la wazi huku, anayetumwa kugonga mlango wako ni shemasi. Kwa hiyo nikila kwako, atakayetumwa kwangu ni baba mkwe wangu. Na nikikataa kutubu nitatengwa, na Enos ataambiwa asile na mkewe. Nyumba yenyewe ndiyo kwanza imeanza kunukia mkate. Nilipofika hapo katika mawazo nilikuwa naiacha kalamu.

Enos akasema tumuulize baba yake wazi, tusifanye kama wezi. Basi Jumapili, baada ya chakula, mama mkwe Fannie akikusanya sahani, Enos akauliza.

"Baba, Bwana akitenda hivi na Paulo akisema vile, tumfuate nani?"

Baba mkwe hakukasirika. Unamkumbuka Tobias, huwa anafikiri kwanza kwa ndevu, anazishika. Akasema, "Huyo Bwana unayemtaja, umemjulia wapi? Si wale wale mitume waliokuandikia? Ukimwondoa aliyeleta habari, habari umeipata kwa nani?"

"Simwondoi, baba. Nauliza nani atangulie."

"Roho ni mmoja. Rangi ya wino aliichagua mwenye kiwanda cha kuchapa, si Roho." Akanitazama mimi, kwa upole. "Tena hata huyo Bwana mwenyewe, binti yangu, alisema ndugu asiyesikia kanisa awe kwenu kama mtoza ushuru. Hayo nayo ni mekundu."

Nilijua hayo yatakuja. Nilikuwa nimeshika bakuli la viazi, natazama viazi. Enos akavunja kipande cha mkate, na bila kupandisha sauti akasema, "Na aliyeyaandika hayo ni Mathayo, baba. Mtoza ushuru. Bwana alikula nyumbani kwake."

Karibu niangushe bakuli. Mama mkwe alizitua sahani zake. Mama mdogo, kama ningekuwa sijaolewa naye ningeolewa naye tena pale pale, na gauni langu la jikoni.

Lakini baba mkwe naye si mtu wa kushindwa kwa neno moja. Akasema, "Ndiyo. Na Mathayo aliiacha meza yake ya kodi akafuata. Eldon ameliacha lori?" Enos akasema hapana. "Basi umenijibu nusu." Kisha akaangalia viganja vyake, akasema kitu ambacho sikuwahi kumsikia akisema. "Mnadhani mimi sina mtu? Kaka yangu Levi yuko Indiana. Alipotengwa mama yetu alikuwa hai. Mama alimpelekea chakula barazani hadi alipokufa. Mimi sijakaa naye mezani tangu ujana wangu. Kama nimekosea, nimekosea maisha mazima. Kwa hiyo msiniombe niseme upesi upesi kwamba ni kosa."

Hakuna aliyekula pai siku ile. Mama mkwe aliifunika tu. Nilipokuwa namsaidia kuosha vyombo akaninong'oneza, "Levi alikuwa anapenda kuimba." Kisha akanikabidhi taulo.

Tangu siku hiyo nimesoma, mama mdogo, kama nilivyokuwa nikisoma wakati wa mitihani. Nami nataka nikuambie nilipofika, ili usidhani nakuja kwa kuwa nimekuhurumia tu.

Simchukii Paulo. Nisingethubutu. Yale aliyoandika juu ya upendo ndiyo tuliyosomewa harusini, na Enos aliniminya kidole katikati. Na baba mkwe ana haki, bila mitume tusingekuwa na neno lolote la Bwana, liwe jekundu liwe jeusi. Wala sitaki kuwa mtu anayechambua Maandiko kama anavyochambua karanga, tamu anakula, chungu anatema. Nilijiuliza sana: je, namchagua Bwana, au namchagua mama mdogo wangu halafu natafuta Bwana aniunge mkono? Sikupata jibu safi. Labda yote mawili.

Lakini nyumba ikiwa na baba, na watumishi wanaoeleza maneno ya baba, siku nisipoelewa watumishi nitakwenda kumtazama baba mwenyewe anafanyaje. Hilo tu. Namtazama, naona yuko mezani. Kila ninapofungua yuko mezani na mtu ambaye hakutakiwa. Na sioni mahali popote alipoweka nafasi ya kiganja akaifunika kwa kitambaa.

Tena nikaona kwamba nikisema namfuata yeye kwanza, inanipasa nichukue na yale yanayoniuma mimi. Alisema ukileta sadaka yako na hapo ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, enenda kwanza ukapatane naye. Hakusema kama ndugu yako ametengwa au hajatengwa. Nilisoma hapo nikafunga kitabu. Siku zote tumekuwa tukiuliza kosa lako ni nini, mama mdogo. Hakuna aliyeuliza una neno gani juu yetu. Unalo juu ya mama, unalo juu ya Mjomba Yost aliyekutoa kwenye hesabu ya vidole vyake, na unalo juu yangu, niliyecheka.

Hilo hata baba mkwe hakuweza kulipinga. Nilikwenda mwenyewe nikamkuta anapaka mafuta hatamu za farasi. Nikamwambia, "Baba, nakwenda kwa mama mdogo kumwomba msamaha, na akinipakulia nitakula mezani kwake. Sitaki ulisikie kwa watu." Alipaka mafuta muda mrefu. Kisha akasema, "Wajibu wangu unaujua." Nikasema naujua. Akasema, "Nitakuja na askofu, na nitakuwa na huzuni, lakini nitakuja." Nikasema nitawachemshia kahawa. Akatikisa kichwa, sijui kwa hasira au kwa nini, akasema, "Vaa viatu vya kutosha. Ohio kuna upepo."

Kwa hiyo huenda baada ya mwaka mpya nikaitwa mbele ya usharika. Nimeshajua nitakavyosema. Nitapiga magoti, nitaungama kwamba nilitandika kitambaa juu ya meza mbili nikajisifu, na kwamba nilimcheka mgeni wangu. Kwa hayo nitalia bila kulazimishwa. Kwa kula sitaungama. Naogopa ninapoandika hivi, maana mimi si jasiri, wewe unanijua, nilikuwa naogopa hata bata mzinga wa jirani.

Enos anakuja nami. Kama atakula au hatakula bado hajaamua, na mimi sikumlazimisha, kwa sababu ni baba yake na ni agano lake pia. Aliniambia, "Mimi nitakaa karibu na jiko, Bibi Renno, na harufu ya tambi itaamua." Lakini alipogeuka niliona hatanii. Asipokula, nakuomba usimsogezee meza nyingine wala usimwonee haya. Mwache akae nasi tu, aweke mikono mapajani. Ni mtu mwema na anaumia, na nampenda hata anapoumia polepole kuliko mimi.

Na kama hutaki nije, niandikie, nitaelewa. Hulazimiki kunipokea kwa sababu tu mimi nimechoka kuona haya. Nilitaka kusema hilo pia. Msamaha wako si deni langu la kudai.

Nisalimie Eldon, umwambie kwamba nilikuwa nikimficha uso sokoni alipopita na lori lake, na sitamficha uso tena. Msalimie mkewe, na ule mkono apake siagi isiyo na chumvi. Mama anakusalimu. Nilipomwambia ninakokwenda hakunizuia wala hakunibariki, aliendelea kukunja nguo. Nilipofika mlangoni akasema, "Muulize kama bado anakanda unga wa tambi kwa viini vya mayai tu, au na huko wamemfundisha kutia maji." Nadhani hiyo ni salamu, mama mdogo. Nadhani ni kubwa kuliko zote nilizokuletea. Fannie mama mkwe anakusalimu pia, kwa siri.

Mungu aliyekupa moyo wa kucheka kwanza siku ile akulinde na baridi, akupe usingizi mzuri, na akusahaulishe uso wangu wa siku ile hadi nikuletee mwingine.

Krismasi tutakula kwa akina Renno kama inavyotupasa. Siku inayofuata tunapanda basi. Tumeshamwomba jirani akamue kwa ajili yetu, ingawa Enos ana wasiwasi ng'ombe watamkataa. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa mlangoni kwako, mama mdogo, na sitakula chochote njiani, ili nifike na njaa.

Ni mimi mtoto wa dada yako, anayekupenda na kukuonea haya,

Rhoda